Mwezi Usiotulia

Mwezi uliruka tena ukutani kama chura aliyekanyagwa mkia, na chura mwenyewe hana mkia. Shomvi, fundi taa wa ukumbi, alisonya. Alitaka picha ipande taratibu huku ikikua, lakini kila akisukuma kijiti cha mashine yake ya kumulika picha, ilishtuka. Watazamaji walishaanza kukaa.

"Ukiruka mbele za watu," alisema mwongozaji wa mchezo, "narudisha mwezi wetu wa zamani wa bati, nawe urudi kwenu."

Bi Mashavu, aliyeuvuta ule wa bati kwa kamba tangu mwezi wa mbinguni ukiwa mchanga, alicheka. "Huo wako umekula nini, baba?"

Shomvi alijaribu vijiti tena. Ndipo alipogundua kwamba kila kijiti cha hatua kubwa kilihitaji mwenzake wa hatua ndogo, visukumwe pamoja: viwili vya kupandisha, viwili vya kukuza. Vijiti vinne, mikono miwili.

"Bi Mashavu, njoo unisaidie."

"Tangu mashine hii ije, hujaniamkia."

Shomvi aliinama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sogea huko."

Pazia likafunguka. Mwezi ukachungulia juu ya mlima uliochorwa ukutani, ukatetemeka, kisha ukapanda taratibu huku ukikua, na ukumbi mzima ukanyamaza.