Jibu Kutoka Chumba cha Nyuma

Umeme ulirudi Asukile akiwa amekwisha kuwakalisha wageni. Alikaa mbele ya taipu ya kompyuta, akajifuta viganja kwenye suruali, akaomba kimoyomoyo mwenzake, Tupokigwe, awe ameingia kwa mlango wa nyuma.

"Tuanze, ndugu," alisema Sedekia, mkuu wa msafara kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ofisi nzima ya mradi wa maji pale Mbeya ilijua amekuja kuamua jambo moja tu: kompyuta ibaki, au ifungwe kwenye makasha iondolewe.

Ilikuwa masika ya mwaka sabini na sita. Masika iliyotangulia, mto ulifurika ghafla Igawa, ukazoa nyumba na ng'ombe wa wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini. Onyo lilifika watu wanazika. Tangu siku hiyo Asukile na Tupokigwe walihangaika kuifanya kompyuta iseme mapema.

Asukile ndiye aliyeandika hesabu za mafuriko, kwa lugha nzito ya kompyuta ambayo sharti kwanza itafsiriwe yote kuwa namba za mashine. Ikishatafsiriwa, ilikwenda mbio. Lakini ukitaka kubadili kitu kidogo tu, unatafsiri upya kila kitu, na nusu siku imekwenda. Kwa hiyo Tupokigwe alitunga lugha nyingine, nyepesi, ya amri fupi ambazo kompyuta ilizisoma mstari kwa mstari na kuzitii papo hapo. Nyepesi iulize, nzito ikokotoe, ndivyo walivyotaka. Tatizo ni kwamba kila walipoziunganisha, kompyuta iliganda.

Juzi Tupokigwe alikirekebisha tena kile kiungo cha lugha hizo mbili. Umeme ukakatika kabla hawajakijaribu, naye ikambidi aende Iringa kuchukua takwimu za mvua. Jana alipiga simu.

"Nakuja na basi la usiku, kaka. Nitaingia moja kwa moja chumba cha nyuma. Wewe andika amri kama kawaida. Ikiganda, nitakokotoa mimi kwa mkono na kujibu kwa taipu ya huko. Hawatajua."

Chumba cha nyuma ndimo ilimokaa kompyuta yenyewe, pamoja na taipu ya pili iliyoonyesha kila kilichoandikwa mbele. Wageni hawakuruhusiwa kuingia humo kwa sababu ya vumbi.

Sedekia alisoma vipimo vya mvua vilivyoletwa asubuhi kwa redio. "Hii imenyesha jana milimani. Igawa itakuwaje?"

Asukile aliandika amri. Taipu ilinyamaza. Aliuona mguu wa Sedekia ukianza kutikisika. Imeganda, aliwaza. Akakohoa kwa nguvu, asikike ng'ambo ya ukuta.

Ndipo taipu ikaanza kugonga. MTO UTAVUKA KINGO SAA TISA.

Asukile alishusha pumzi. Amefika.

"Sasa badilisha," alisema Sedekia. "Tuseme ardhi imekwisha kulowa. Badilisha hapa hapa nikiona."

Asukile aliandika mstari mmoja. Jibu lilikuja upesi kuliko alivyotegemea. SAA SABA. Tupokigwe, ambaye siku zote vidole vyake hugonga herufi za jirani, leo hakukosea hata moja.

Sedekia alisimama. "Ardhi imelowa kweli. Nimepita Igawa mwenyewe juzi. Nipatieni simu, watu wahame."

Hilo Asukile hakulitazamia. Alidhani ni maonyesho tu. Sasa familia nzima nzima zingeng'olewa kwa hesabu ya mtu mmoja aliyejificha na karatasi, anayefanya haraka, ambaye hajalala. Akikosea, hakuna mtu wa Igawa atakayesikiliza onyo tena. Alifungua kinywa aseme ukweli. Kisha akakumbuka kwamba hajawahi kumwona Tupokigwe akitoa namba asiyoiamini. Akakifunga.

Bujiku, mwenyekiti wa kijiji, aliitwa kwenye simu ya kituo cha polisi kilichoko kilimani. Sauti yake ilisikika chumba kizima.

"Mzee, huku jua linawaka. Watu watanicheka."

"Waache wacheke," alisema Sedekia. "Wahamishe."

Wakakaa kungoja. Chai ililetwa, ikapoa. Asukile alikuwa akiutupia macho mlango wa chumba cha nyuma, asithubutu kuusogelea. Saa saba ilifika, ikapita. Mgeni mmoja alianza kukusanya makabrasha yake. Sedekia hakumtazama Asukile, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kumtazama.

Simu ikalia.

Ilikuwa Bujiku, anahema. "Yamekuja, mzee. Yamepita palepale kwenye nyumba zetu, yamekuta patupu. Tuko huku juu kilimani, watu na ng'ombe."

Sedekia alirudisha simu taratibu. Akamshika Asukile mkono, akaushikilia muda mrefu. "Kompyuta inabaki," alisema, akatoka na watu wake.

Asukile alingoja mpaka mlio wa gari lao ulipopotea. Kisha akauendea mlango wa chumba cha nyuma, akaugonga kwa viganja vyote viwili, macho yamemjaa machozi.

"Toka, dada, wameondoka. Ndaga fijo, asante sana. Umewaokoa watu wale."

Mlango wa barabarani ulifunguka nyuma yake. Alipogeuka, Tupokigwe alikuwa amesimama kizingitini, mkoba begani, viatu mkononi, matope mpaka magotini.

"Nisamehe, kaka," alisema. "Basi lilitufia Makambako tangu usiku, ndiyo kwanza naingia. Wageni umewaambia nini?"