Wembe wa Siku ya Arobaini

Mlango ulisukumwa bila hodi, akaingia mwanamke mtu mzima ambaye Hadia hakuwahi kumwona. Mtoto wa Hadia alikuwa ametimiza siku arobaini, na wembe ulikuwa ungali kwenye sinia, kwani mtoto hunyolewa na watu wa upande wa baba, na Shaibu, mumewe, alikuwa amekataa.

"Nywele nyekundu kama kutu! Kamtafute baba yake amnyoe. Kwetu hazipo," Shaibu alimfokea Hadia.

"Kwenu unakujua wewe?" mgeni aliuliza. "Mimi Mize, dada wa marehemu baba yako. Nimesikia, nikaja."

Akavua mtandio. Piko, rangi nyeusi aliyopaka nywele, ilikuwa imechujuka, na mashina ya nywele zake yalikuwa mekundu vilevile.

"Mtu huibeba rangi hii asiionyeshe. Wewe umeibeba, mkeo naye kaibeba kwao. Mtoto kapata huku na huku."

Shaibu alitazama sakafu. Hadia akamshika mgeni mkono.

"Usijifunike, shangazi, mpaka umalize kumnyoa. Watu waone."

"Sijifuniki, mwanangu."

Majirani walijaa mlangoni. Haroub, mume wa Mize, akajipenyeza katikati yao. Miaka thelathini alimjua mkewe kwa nywele nyeusi, na nyekundu aliziita mkosi.

"Jifunike twende, Mize. Ukibaki, kwangu usirudi."

Mize aliuinua wembe, akauteremsha utosini pa mtoto. Nyayo za Haroub zilisikika zikienda. Shaibu hakusogea. Hadia akakinga kiganja, na nywele zikaanza kudondoka humo, laini, chache chache.