Nywila Moja, Watu Sita

Kabla Mama Kalamu hajafungua mdomo, Chapuchapu alishajua anachokwenda kuulizwa. Alijua hata mpangilio: la tatu presha ya maji, la nne kutu.

"Swali la tatu," akasema Mama Kalamu, msimamizi wake, aliyepewa jina hilo kwa wino wake mwekundu. "Presha ikipanda ghafla, bomba lako la plastiki linafanyaje?"

Chapuchapu akajifanya anawaza. Akatazama dari, akakuna shavu, akahesabu kimoyomoyo mpaka nne. Kisha akamwaga jibu kama bomba lililopasuka.

Mwenyekiti wa jopo akaandika alama. Pembeni yake Profesa Mgeni, mtahini kutoka chuo kingine, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Huyu alikuwa mzito wa sauti na wa cheo, na ndiye angesaini barua ya kumpandisha daraja Mama Kalamu. Hakijawahi kutajwa kitabu mbele yake akakubali kwamba hajakisoma.

Chapuchapu hakuwa na pa kukimbilia. Alishafeli kuitetea tasnifu hii mara moja, na chuo hakitoi nafasi ya tatu. Ile ya kwanza aliulizwa maana ya jedwali alilochora mwenyewe, akaomba atoke nje kidogo apige simu. Sasa mamlaka ya maji ilikuwa imemshikia kazi hadi Ijumaa, na mama yake alishaanza kumwita "injinia" mbele ya majirani, tena kwa kupaza sauti.

Wokovu ulitoka duka la fotokopi pale langoni. Mwenye duka aliuza akaunti ya akili mnemba kwa mafungu: akaunti moja, nywila moja, wateja sita wasiojuana. Ubaya wake, au utamu wake, mazungumzo ya wote sita yalijipanga kwenye ukingo mmoja wa skrini. Chapuchapu akawa anayasoma kama gazeti. Mmoja alitungiwa barua za kumwomba mkewe msamaha, kila wiki barua mpya. Mwingine alipachika humo tasnifu nzima ya mwanafunzi, jina na namba ya usajili juu, akaandika: "Nitungie maswali manane magumu ya kumuuliza. Ni mvivu huyu."

Jina lilikuwa la Chapuchapu.

Na bango kwenye mlango wa ofisi ya Mama Kalamu lilisema: MARUFUKU KUPACHIKA TAARIFA ZA WANAFUNZI KWENYE AKILI MNEMBA. Saini, yake mwenyewe.

"Mvivu, mimi?" Chapuchapu alimwambia dada yake, aliyekuwa akipiga pasi. "Ngoja aone mvivu anavyokariri."

"Si usome tu hiyo tasnifu yako?"

"Dada, ina kurasa tisini!"

Akayakariri yote manane na majibu yake. Kwa kiherehere akateleza mara moja tu: aliandika "hili la tano sijaelewa, nifafanulie kama mtoto wa chekechea" ndani ya mazungumzo ya Mama Kalamu badala ya yake. Akashtuka, kisha akapuuza. Watu sita, nani atamjua nani?

Siku ya Jumanne akakuta limeongezwa swali la tisa, kuhusu kitabu kiitwacho Nadharia ya Tone, cha mhandisi mmoja marehemu. Akaiuliza mashine. Ikampa muhtasari wa kurasa nne, sura kwa sura, hadi utoto wa mwandishi. Maktaba ilikuwa ng'ambo ya uwanja tu. Hakwenda.

Sasa, mbele ya jopo, la nane likapita. Mama Kalamu akafunga faili taratibu, akatabasamu. Kwa miaka minne Chapuchapu hakuwahi kuyaona meno yake.

"La mwisho. Nadharia ya Tone. Umekisoma?"

"Mara mbili, Dokta. Ya kwanza kwa elimu, ya pili kwa mapenzi." Akaeleza sura ya nne. Akaeleza hoja ya marehemu kwamba kila tone hukumbuka bomba lililolivujisha.

"Na sura ya saba?"

"Hiyo ndiyo iliyonitoa machozi."

"Mwenyekiti," akasema Mama Kalamu, akisimama, "naomba iandikwe kwamba..."

Profesa Mgeni akapiga meza kwa kiganja. "Hatimaye!" akanguruma. "Hatimaye kijana anayesoma! Miaka yote nawapigia kelele wakisome kitabu hiki. Marehemu alikuwa rafiki yangu kipenzi. Jeneza lake nimelibeba kwa bega hili!"

Mwenyekiti, asiyependa kuachwa nyuma, akasema yeye anacho nyumbani, toleo la kwanza. Kisha akageuka. "Samahani, Mama. Iandikwe kwamba nini?"

Kalamu nyekundu ikaning'inia hewani.

"Kwamba... amefaulu."

Wakampa alama za juu kabisa. Viti vikasogezwa, watu wakapeana mikono. Mama Kalamu akaukamata wa Chapuchapu, akauvuta mpaka sikio likafika mdomoni mwake.

"Kitabu hicho nilikibuni mimi siku ya Jumanne, nimnase anayenisoma kwenye ile akaunti," akanong'ona. "Leo nilikuja kukufukuzisha chuo, mwanangu. Sasa namwambiaje Profesa kwamba alibeba jeneza la mtu ambaye hakuzaliwa?"