Akala Mlangoni

Asubuhi ya uchaguzi, baba yake Nyawelo alivua akala zake za tairi kwenye mlango wa darasa la kupigia kura, mtaani Nyakuron. Akapiga magoti, akajongea taratibu kuelekea sanduku. Ndivyo alivyomwendea mfalme wa kabila lao, Washilluk, ujanani, kisa alichomsimulia bintiye jioni zote za ukimbizini Kakuma.

Nyawelo, karani wa wino, alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Baba, simama. Hapa hakuna mfalme."

"Najua, mwanangu. Yule nilimpenda sana. Lakini hakuniuliza hata siku moja kama namtaka."

Akanyoosha kidole kipakwe wino.

Nyawelo alikishika kwa mikono miwili. Chini ya meza, polepole, akavua viatu.