Usinionee Huruma

Nguluma alikuwa nyuma ya pazia akifunga mkanda wake mweupe aliposikia kocha akiwanong'oneza vijana, "Wiki nzima mmemwachia ashinde, vizuri. Leo tena, mzee asivunjike moyo. Kesho ndiyo mashindano yake ya kwanza ya jiujitsu."

Wiki hiyo, na miaka yake hamsini na minane, alikuwa amemkaba kijana mmoja wao, Kajuna, mara tatu, na mara zote tatu alirudi kwa mkewe kifua mbele.

Alitoka, akapiga magoti mkekani mbele ya Kajuna.

"Leo usinionee huruma."

"Mzee wangu, kesho una..."

"Nimesema."

Kabla hajaushika hata ukosi wa kijana, alikuwa chali, mkono umemzunguka shingo, pumzi imekatika. Akaupiga mkeka kwa kiganja kuomba aachiwe.

"Tena."

Mara ya sita, machozi yalimlengalenga Kajuna, akakataa kuendelea.

Simu ya Nguluma ikaita. Alikuwa mkewe. "Baba Sikitu, nimealika mtaa mzima! Wajukuu wanataka kukaa mbele kabisa, wakuone ukimkaba mtu."

"Waje," alisema Nguluma, na kiganja chake kikaendelea kuupigapiga mkeka, polepole.