Machozi ya Ijumaa Kuu

Walipofika kituo cha nne cha Njia ya Msalaba, Oliva muuza pombe ya komoni alikuwa analia mpaka kamasi zinamfika kidevuni. Wala hakuwa peke yake.

Wanakwaya walilia. Alilia mwenyekiti wa mtaa, mtu ambaye hata kwenye msiba wa mama yake mzazi alikuwa akiulizia nyama kama imeiva. Katekista Athanasi alisoma sala huku meno yakigongana, akapiga miayo katikati ya "Ee Yesu". Mvua ilikuwa imekatika na jua limewaka, lakini watu walitetemeka na kujikunyata ndani ya vitenge, vinyweleo vimewasimama kama kuku walionyonyolewa.

Padre Rupert, mmonaki aliyekuja kutoka abasia ya Hanga kuwasaidia Juma Kuu, alipigwa na butwaa. Alikuwa ameonywa kwamba waumini wa kigango hiki hawatikiswi na kitu, labda harufu ya kitimoto.

"Kumbe hata hapa Mshangano Mungu yupo!" alisema.

Mkavu alikuwa Crispin tu. Alisimama kwenye matope kando ya mkewe Honorata, akiwakagua watu mmoja mmoja kama mtu aliyepotelewa na mbuzi wake mnadani.

Honorata alimfinya. "Lia basi, baba Edna. Hata kidogo."

"Silii kwa kufinywa mimi."

Honorata aliogopa. Mwezi wa pili mume huyuhuyu alitolewa kilabuni kwa Oliva juu ya mkokoteni, midomo ya zambarau, pumzi moja sasa na nyingine baadaye sana. Nesi Ida wa zahanati alimpumulia kwa mpira wa kusukumia hewa mpaka akarudi. Kisha akasema bila kumung'unya maneno, "Komoni haimsahaulishi mtu kupumua. Humu kuna vidonge vikali vya maumivu, vile vya magendo."

Crispin akafungiwa chumbani wiki nzima bila tone la komoni, majirani wakaambiwa ana tetekuwanga. Aliyeingia mle ni nesi peke yake. Honorata alikaa nje na redio, ameifungulia kwa sauti ya juu asisikie chochote. Alipomfungulia mlango mumewe alimwambia hivi: siku utakayorudia, mimi na Edna tunarudi kwa baba yangu. Hakuwa anatania.

Honorata alimshtaki Oliva kwa mwenyekiti, naye akaimaliza kesi kabla chai haijapoa. Desturi inajulikana: mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wateja, kutoa sumu. Basi Oliva akaambiwa aonje. Akanywa kopo zima. Akaletewa la pili, kisha la tatu, na baada ya hapo akasimama wima kama nguzo ya umeme.

"Naweka kimea, naweka na ule unga wa kukoleza ninaouziwa na madereva wa malori," alisema. "Na kila ndoo naionja mwenyewe, kila siku ya Mungu. Kama ni sumu, mbona sijafa?"

Hakuna aliyeuliza ni unga gani. Watu walipiga makofi. Nesi Ida tu ndiye aliyeuliza mbona Oliva hata hajayumba, wakamcheka mpaka wakashika mbavu. Mtu wa kuja, atajua nini kuhusu komoni? Honorata akalazimishwa kuomba radhi. Aliomba, roho ikimuuma.

Tangu siku ile kilabu kikafurika. Mwenyekiti alihamia huko na mihuri yake. Katekista alipitia kila jioni, eti kulainisha koo. Kwaya nayo ikagundua kwamba ina makoo. Kilikuja kufungwa Jumatano hii, kwa heshima ya mateso ya Bwana. Oliva alimwaga hata masalia ya kwenye ndoo, akatangaza kwamba mpaka Pasaka hakuna atakayeonja tone, akianzia na yeye mwenyewe. Kwa hilo hata Honorata alimheshimu.

Kwenye kituo cha kumi, Leticia wa jumuiya alimsogelea Honorata huku akijipangusa pua kwa ncha ya khanga.

"Dada, mumeo ana moyo wa jiwe. Hata Oliva analia! Huyo wako amekunywa cha kwake asubuhi, ndiyo maana hasikii kitu."

Honorata alijifanya anamtengeneza Crispin kola, akamnusa mdomo. Aliambulia harufu ya njaa ya mfungo tu. Lakini vidonge navyo vina harufu? Akaanza kuhesabu kichwani nguo za Edna zitakazoingia kwenye begi.

Kituo cha kumi na mbili, Yesu anakufa msalabani. Wote walipiga magoti, na wengi hawakuinuka tena. Mwenyekiti alitambaa hadi kwenye mahindi ya watu, akatapika. Katekista aliangusha kitabu. Oliva alijikunja kwenye matope ameshika tumbo, akilia, "Yesu wangu, mifupa! Mifupa yangu, Yesu!"

"Toba ya kweli hii," Padre Rupert alinong'ona, akafanya ishara ya msalaba.

Honorata alishindwa kuvumilia. Alimshika Crispin mkono akamgeuza. "Niambie ukweli mbele ya msalaba huu. Umerudia? Mbona kigango kizima kinalia isipokuwa wewe?"

Crispin alivua koti lake, akainama akamfunika Oliva. Uso wake ulikuwa umejaa huruma.

"Mama Edna, kimbia kwa nesi Ida, mwambie aje na wenzake wote," alisema. "Mimi nililia hivihivi kule chumbani, na wala sikuwa namlilia Yesu."