Matairi Mapya ya Tela

Fundi alipong'oa gurudumu la mwisho la tela la mzee lenye kitanda na jiko ndani, alipapasa mpira akacheka.

"Mzee wangu, vinyweleo vya mpira vya tairi jipya kutoka kiwandani bado vipo! Matairi haya hayajaisha, yamepasukapasuka kwa kusimama tu."

Mzee alivigusa kwa kidole gumba. Kila likizo marehemu mkewe alifunga mabegi, na kila likizo yeye alimwambia, "Mwakani, Mungu akipenda." Mabegi bado yalikuwa chini ya kitanda.

Fundi alikaza nati, akalipiga kofi tairi jipya. "Matairi haya manene, yatakufikisha popote. Haya, wewe na mama mnaondoka lini?"

Mzee alijifuta mikono, ingawa haikuwa na grisi.

"Mwakani," alisema. "Mungu akipenda."